Chemshabongo ya Kila Siku Kuhusu Miungu na Mahekalu ya Roma ya Kale: Mwongozo Kamili wa Kuiandaa

Mtu anayeanzisha chemshabongo ya kila siku kuhusu miungu ya Roma kwa kawaida huanza na jozi za majina: Jupiter wa Waroma ni nani kwa Wagiriki, Venus naye ni nani, na Neptune je. Jozi hizo huisha kabla ya juma la pili, na hapo mwandaaji huanza kurudia maswali yaleyale kwa maneno mengine hadi washiriki wachoke. Shida haitokani na uhaba wa mambo ya kuuliza, kwa maana dini ya Waroma ilikuwa na mungu wa mlango, mungu wa mpaka wa shamba, mungu wa bandari na hata mungu wa kutu inayoharibu ngano. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuyatoa mambo hayo kidogo kidogo, siku baada ya siku, na utaratibu huo Waroma wenyewe walikuwa nao tayari katika kalenda yao ya sikukuu. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuijenga chemshabongo juu ya kalenda hiyo, na jinsi ya kuandika maswali ambayo majibu yake hayatakuletea ubishi.

Hatua ya kwanza: Weka mipaka ya mada

Amua mapema unazungumzia kipindi gani. Mpaka unaofaa ni kuanzia mwaka 753 KK, ambao kwa mujibu wa mapokeo ndio mwaka wa kuasisiwa kwa mji wa Roma, hadi sheria za mfalme Theodosius wa Kwanza za miaka ya 391 na 392 BK, zilizopiga marufuku ibada za kale. Amua pia eneo. Ukibaki ndani ya mji wa Roma pekee utajinyima mahekalu mazuri kuliko yote yaliyosalia, kwa sababu mengi yako mbali: Baalbek nchini Lebanoni, Nîmes nchini Ufaransa, Dougga na Sbeitla nchini Tunisia.

Mpaka wa tatu unahusu lugha. Andika "mungu" kwa herufi ndogo, na uyaweke maswali katika wakati uliopita: Waroma waliamini, Waroma walitoa kafara. Washiriki wengi wa Kiswahili ni Waislamu na Wakristo wanaoipokea mada hii kama historia, nao wana haki ya kuona kwamba mwandaaji anaifundisha kama historia.

Hatua ya pili: Tengeneza jedwali la mwaka mzima

Chukua daftari au faili lenye safu 365 na ujaze kwanza siku zilizo za hakika. Kalenda ya Waroma iliugawa kila mwezi kwa siku tatu kuu: Kalends, yaani tarehe 1; Nones, yaani tarehe 5 au 7; na Ides, yaani tarehe 13 au 15. Ides huangukia tarehe 15 katika miezi ya Machi, Mei, Julai na Oktoba, na tarehe 13 katika miezi mingine. Kila Kalends ilikuwa ya Juno, mke wa Jupiter, na kila Ides ilikuwa ya Jupiter mwenyewe, mkuu wa miungu, kwa hiyo tayari una siku 24 zilizopata mada.

Kisha weka sikukuu zenye tarehe maalumu. Februari ina Lupercalia tarehe 15 na Terminalia tarehe 23, siku ambayo majirani walikutana kwenye jiwe la mpaka wa mashamba yao na kumtolea sadaka Terminus. Aprili imejaa kuliko miezi mingi: Cerealia tarehe 19, Parilia tarehe 21 ambayo ndiyo siku ya kuzaliwa kwa mji wa Roma, Vinalia tarehe 23, na Robigalia tarehe 25, ambapo mbwa alichinjwa ili kutu isiingie katika ngano. Juni ina Vestalia tarehe 9, Julai ina Neptunalia tarehe 23, na Agosti ina Portunalia tarehe 17 na Vulcanalia tarehe 23. Desemba ina Saturnalia kuanzia tarehe 17.

Baada ya sikukuu, ongeza siku za mahekalu. Kila hekalu lilikuwa na siku yake ya kuwekwa wakfu, nayo iliadhimishwa kila mwaka. Hekalu kuu la Jupiter juu ya kilima cha Capitolium liliwekwa wakfu tarehe 13 Septemba, mwaka 509 KK kwa mujibu wa mapokeo. Hekalu la Magna Mater, Mama Mkuu aliyeletwa kutoka Asia Ndogo kwa umbo la jiwe jeusi mwaka 204 KK, liliwekwa wakfu tarehe 11 Aprili mwaka 191 KK. Na hekalu la Apollo juu ya kilima cha Palatinus liliwekwa wakfu tarehe 9 Oktoba mwaka 28 KK, chini ya Augustus, mfalme wa kwanza wa dola ya Roma.

Jihadhari na mambo mawili unapojaza jedwali. La kwanza ni kwamba baadhi ya sikukuu hazikuwa na tarehe ya kudumu, bali zilitangazwa kila mwaka. Fornacalia ya matanuri na Compitalia ya njia panda ni miongoni mwazo, kwa hiyo usizifunge kwenye siku moja kana kwamba ndiyo siku yake halisi. La pili ni vyanzo vyenyewe. Shairi la Ovid, mshairi wa Kiroma, kuhusu kalenda linaishia mwezi Juni, hivyo anayelitegemea peke yake hujikuta mikono mitupu inapofika Julai. Kwa nusu ya pili ya mwaka, tegemea kalenda zilizochongwa kwenye mawe, kama ile ya mji wa Praeneste ambao leo unaitwa Palestrina, na ile iliyopakwa rangi ukutani huko Antium, ambayo ndiyo pekee iliyosalia kutoka kabla ya marekebisho ya Julius Caesar yaliyoanza kutumika mwaka 45 KK.

Septemba na Novemba hazina sikukuu za kale zenye majina kama zile za Aprili. Usijaribu kuzijaza kwa nguvu. Miezi hiyo iachie mahekalu ya majimboni, ambayo nitayarudia mbele.

Hatua ya tatu: Pima uzito wa kila taarifa kabla ya kuigeuza swali

Hii ndiyo hatua ambayo chemshabongo nyingi huiruka, na ndiyo inayotofautisha kazi ya kuaminika na kazi ya kunakili. Kila taarifa uliyonayo ina chanzo cha namna fulani: maandishi yaliyochongwa kwenye jengo lenyewe, maneno ya mwandishi wa kale, ugunduzi wa wanaakiolojia, au jina lililozoeleka tu kwa watu wa baadaye. Andika aina ya chanzo pembeni mwa taarifa, kisha jiulize kama swali lako linaulizia kile hasa ambacho chanzo kinakithibitisha.

Pantheon ni mfano unaotosha. Mbele ya jengo, juu ya nguzo, kuna maandishi makubwa yanayosema kwamba Marcus Agrippa, mwana wa Lucius, alilijenga alipokuwa konsuli, yaani mmoja wa viongozi wawili wakuu wa dola, kwa mara ya tatu. Maandishi hayo ni ya kweli kwa maana kwamba Agrippa alijenga hekalu mahali hapo katika miaka ya 27 hadi 25 KK. Lakini jengo tunaloliona leo, lenye kuba la zege la upana wa mita 43.3 na tundu la duara katikati, lilikamilika wakati wa mfalme Hadrian, karibu na mwaka 125 BK, naye alichagua kurudisha jina la Agrippa. Kwa hiyo swali "Nani alijenga Pantheon?" lina majibu mawili yanayoweza kutetewa, na mshiriki yeyote aliyesoma kidogo atakuandikia kulalamika. Swali lililo salama ni hili: "Jina la nani limeandikwa mbele ya Pantheon?" Swali la pili, lililo gumu zaidi, ni: "Kuba la Pantheon tunaloliona leo lilikamilika chini ya mfalme yupi?" Taarifa moja imezaa maswali mawili, na kila moja lina jibu moja tu.

Mfano wa pili uko kando ya mto Tiber, katika uwanja uliokuwa soko la ng'ombe. Hapo yamesimama mahekalu mawili madogo ya zama za Jamhuri, yaliyosalia vizuri kwa sababu yote mawili yaligeuzwa makanisa. La mstatili liliitwa kwa muda mrefu hekalu la Fortuna Virilis, ilhali ni la Portunus, mungu wa bandari, jambo linalolingana na mahali lilipo, jirani na gati la mto. La duara liliitwa hekalu la Vesta kwa sababu tu ya umbo lake, kwani hekalu halisi la Vesta, mungu wa kike wa moto wa nyumbani, lililo katika Forum, uwanja mkuu wa mji wa Roma, nalo lilikuwa la duara. Wataalamu wengi leo wanalihusisha na Hercules. Vitabu vya zamani vya watalii na picha nyingi za kale bado zina majina hayo ya makosa. Ukinakili maelezo ya picha bila kuyahakiki, utamnyima alama mshiriki aliyejibu kwa usahihi, na hakuna kinachovunja imani ya washiriki haraka kuliko hicho. Kwa hekalu la duara, uliza juu ya umbo au mahali, na suala la mwenye hekalu liweke kwenye maelezo ya jibu ukitaja kwamba ni maoni ya wataalamu walio wengi.

Hatua ya nne: Andika swali na majibu yake

Swali liwe sentensi moja kamili, na mtu aweze kulielewa kabla hajayaona majibu. Epuka maswali ya kukanusha, kwa sababu anayesoma kwenye simu haraka haraka huruka neno "si" au "hakuwa" na kukosa jibu analolijua. Majibu yawe manne, na yale matatu yasiyo sahihi yatoke katika kundi moja na lile la kweli. Kama jibu ni Vulcan, mungu wa moto, basi wenzake wawe Neptune, Mars na Mercury, wala usiweke jina la mfalme au la mji kujaza nafasi. Urefu wa majibu ulingane pia, kwa kuwa waandaaji wengi huandika jibu sahihi kwa uangalifu na maneno mengi, na washiriki hodari hujifunza kuchagua refu bila kulijua swali.

Katika hatua hii ndipo jozi za Kigiriki zinapohitaji uangalifu. Ni kweli kwamba Waroma walilinganisha miungu yao na ya Wagiriki, lakini kulinganishwa hakukuifanya kuwa kitu kimoja. Mars ni mfano wa wazi. Ares wa Wagiriki alikuwa mungu wa vita aliyependwa na wachache, ilhali Mars aliheshimiwa sana mjini Roma kama baba wa Romulus, mwezi wa kwanza wa kalenda ya kale, Machi, ulipewa jina lake, na mwandishi wa Kiroma Cato, katika karne ya 2 KK, aliandika sala ya mkulima inayomwomba Mars alinde mashamba, mifugo na watu wa nyumba. Swali linalosema "Mars alikuwa Ares" linaifuta tofauti hiyo yote. Bora uulize: "Mbali na vita, Mars aliombwa kulinda nini?" Janus naye, mwenye nyuso mbili, hakuwa na mwenzake Ugirikini, na Apollo alibaki na jina lake la Kigiriki bila kubadilishwa. Mambo haya matatu yanatoa maswali bora kuliko orodha nzima ya jozi.

Kuhusu tahajia, yaache majina ya miungu kama yalivyo: Jupiter, Venus, Saturn. Usitumie Mshtarii, Zuhura au Zohali kwa miungu, kwa sababu majina hayo kwa Kiswahili ni ya sayari, na msomaji atadhani umehamia elimu ya nyota.

Hatua ya tano: Panga maswali ya siku moja

Maswali matano kwa siku yanatosha. La kwanza liwe jepesi kiasi kwamba mgeni alipate, la mwisho liwatenganishe hodari, na yote matano yahusu jambo moja ili mshiriki amalize siku akiwa na picha kamili kichwani. Hii hapa siku ya tarehe 17 Desemba, yenye majibu sahihi kwenye mabano.

Swali la 1: Sikukuu ipi ya Waroma ilianza tarehe 17 Desemba? Lupercalia, Saturnalia, Parilia au Vulcanalia. (Saturnalia)

Swali la 2: Saturn alihusishwa hasa na kazi ipi? Uhunzi, ubaharia, kilimo au uwindaji. (Kilimo)

Swali la 3: Wakati wa Saturnalia, ni desturi ipi ya kila siku iliyogeuzwa ndani ya nyumba nyingi? Watumwa walikaa kula kama mabwana, wanawake waliingia Seneti, askari walilima mashamba, au watoto waliongoza kafara. (Watumwa walikaa kula kama mabwana)

Swali la 4: Ni mali ipi ya taifa iliyotunzwa katika hekalu la Saturn? Meli za vita, hazina ya serikali, ghala la ngano au moto mtakatifu. (Hazina ya serikali)

Swali la 5: Maandishi yaliyosalia juu ya nguzo za hekalu hilo yanasema Seneti na watu wa Roma walilijenga upya baada ya janga lipi? Tetemeko, mafuriko, moto au uvamizi. (Moto)

Tazama jinsi mtiririko unavyokwenda: kutoka jina la sikukuu, hadi mungu mwenyewe, hadi desturi ya nyumbani, hadi jengo, na mwisho hadi maneno yaliyochongwa kwenye jiwe. Katika swali la nne, jibu la "moto mtakatifu" limewekwa kwa makusudi, kwa kuwa mshiriki anayekumbuka moto wa Vesta uliokuwa jirani katika Forum hiyohiyo atasita kidogo. Hilo ndilo jibu lisilo sahihi lililo zuri: linamvuta mtu anayejua kitu fulani, si yule anayekisia tu. Swali la tatu ni dhaifu kuliko mengine, kwa sababu majibu yake ni marefu na mawili kati yake hayavutii. Siku ukipata nafasi, lichukue jambo hilo kwa upande mwingine: sanamu ya Saturn ilifungwa miguu kwa nyuzi za sufu mwaka mzima na kufunguliwa siku ya sikukuu, na hapo unaweza kuuliza kilichofunguliwa ni nini.

Hatua ya sita: Andika maelezo ya jibu

Bila maelezo, mshiriki hujua tu kama amepata au amekosa. Sentensi mbili hadi nne zinatosha, na ziongeze kitu ambacho swali halikukisema. Ukiuliza hekalu la Asclepius lilijengwa wapi mjini Roma, na jibu likawa kisiwa cha mto Tiber, maelezo yake yanaweza kusomeka hivi: "Baada ya tauni ya mwaka 293 KK, Waroma walituma wajumbe Epidaurus nchini Ugiriki, nao wakarudi na nyoka mtakatifu wa mungu huyo wa tiba. Inasimuliwa kwamba nyoka aliteremka kutoka katika meli na kuogelea hadi kisiwani, na hekalu likawekwa wakfu hapo mwaka 291 KK. Hospitali ingali ipo katika kisiwa hicho hadi leo." Neno "inasimuliwa" lina kazi yake hapo: linatenganisha hadithi ya nyoka na tarehe ya hekalu. Lizoeze kalamu yako neno hilo pamoja na "kwa mujibu wa mapokeo", hasa kwa mambo yote yanayodaiwa kutokea kabla ya karne ya 3 KK.

Hatua ya saba: Rusha maswali kwa wakati uleule

Chagua saa moja na uishikilie. Asubuhi kabla ya watu kuingia kazini ni wakati mzuri kwa maswali, na jioni kwa majibu pamoja na maelezo. Kama unatumia kikundi cha WhatsApp, fahamu kwamba kura zake huonyesha nani amechagua nini, kwa hiyo wanaochelewa huwafuata waliotangulia. Afadhali washiriki wakutumie majibu yao faragha. Telegram ina aina ya kura iliyotengenezwa kwa ajili ya chemshabongo, ambayo hutambua jibu sahihi na kuruhusu kuweka maelezo mafupi, nayo inakupunguzia kazi ya kusahihisha. Mshindi mtangaze kwa mwezi badala ya kwa siku, ili aliyekosa siku mbili kwa msiba au safari asione kwamba hana tena sababu ya kuendelea.

Mshiriki akionyesha kwamba jibu ulilotoa lina kasoro, rudi kwenye safu ya chanzo uliyoijaza katika hatua ya tatu, utoe uamuzi siku hiyohiyo mbele ya wote, na kama ana haki uwape alama wote waliojibu kama yeye.

Hatua ya nane: Jenga akiba na fuata mahekalu ya mbali

Usiandike maswali ya leo leo. Kuwa na akiba ya mwezi mzima mbele, na usome upya maswali ya juma zima siku moja kabla ya kuyarusha, maana swali ulilolielewa ulipoliandika linaweza kukushangaza baada ya wiki tatu.

Akiba hiyo ndiyo pahali pa mahekalu ya majimboni, yatakayokujazia Septemba na Novemba. Juma moja lipe Baalbek, ambako nguzo sita za hekalu la Jupiter, kila moja yenye kimo cha karibu mita 20, bado zimesimama kando ya hekalu linaloitwa la Bacchus, lililosalia vizuri sana. Siku mbili zipe Nîmes, ambako hekalu liitwalo Maison Carrée liliwekwa wakfu kwa Gaius na Lucius Caesar, vijana waliotarajiwa kumrithi Augustus, na liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023. Kisha lipe bara letu nafasi inayolistahili, kwa kuwa Afrika ya Kaskazini ilikuwa miongoni mwa majimbo yenye mahekalu mengi na ya fahari. Dougga ina hekalu la karne ya 2 BK la Jupiter, Juno na Minerva, miungu mitatu iliyokaa pamoja katika hekalu la Capitolium huko Roma. Sbeitla, iliyoitwa Sufetula, ilikwenda mbali zaidi: badala ya hekalu moja kwa watatu, wananchi wake walijenga mahekalu matatu yaliyosimama sambamba, na yote matatu yanaonekana hadi leo. Swali la "Mji upi una mahekalu matatu sambamba badala ya moja?" ni miongoni mwa maswali bora ya daraja la juu, kwa sababu anayeijua Capitolium ya Roma anaona mara moja ni nini kilichobadilishwa.

Mwaka wa kwanza ukiisha, jedwali linabaki lilelile na pembe ya kuulizia ndiyo inayobadilika. Tarehe 21 Aprili mwaka wa kwanza uliuliza juu ya Romulus na wachungaji wa Parilia. Mwaka wa pili uliza juu ya hekalu la Venus na Roma, ambalo Hadrian alilijenga likiwa na vyumba viwili vilivyopeana migongo, kimoja kikielekea Forum na kingine kikielekea Colosseum, na uwatake washiriki waseme mungu yupi wa kike alitazama upande upi.